Maji Yaliyokatwa kwa Ndimu

Mimi ndimu siziingizi nyumbani kwangu. Wageni wakiletewa samaki mkavu hivi, hutazamana, na yule asiyeweza kunyamaza huuliza kama sokoni zimekwisha. Humjibu ndiyo, zimekwisha. Ni uongo na yeye anajua ni uongo, maana amepita Makadara akaziona zimemwagwa chini mafungu kwa mafungu. Basi tunakula. Kueleza ukweli kwanichosha, na mtu wa mji huu ukimwambia ndimu ina kasoro atakutazama kana kwamba umemtukana mamake.

Nyumba yetu ilikuwa Mji wa Kale, nyumba ya mawe iliyogawanywa na warithi na watoto wa warithi mpaka sisi tukabakiwa na vyumba viwili, ukumbi wa giza, na ua wenye kisima. Miaka hiyo ya tisini mifereji ya kisiwani ilikuwa pambo la ukutani. Unafungua mfereji, unakoroma, unakupulizia upepo, basi. Wengine walingoja mikokoteni ya maji. Sisi tulikuwa na kisima, na kisima ndicho kilichompa mamangu cheo kichochoroni. Wanawake walikuja na ndoo zao asubuhi, naye ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi, anawaamrisha nani atangulie na nani angoje. Alipenda sana. Sijui kama alipenda kitu kingine namna ile.

Maji yenyewe yalikuwa na chumvi na harufu ya mawe. Ya kufulia yalichotwa hivyo hivyo, lakini ya kunywa aliyakata. Ndilo neno lake, kuyakata, kwa sababu ndimu hukata shombo. Alikamua ndimu ndani ya mtungi, akatosa na maganda, akafunika kwa sahani, yakalala. Hoja yake ilikuwa moja. Shombo ya papa ni kitu kikaidi kuliko vyote jikoni, na ndimu inaimaliza. Sasa ndani ya maji kuna nini kitakachoishinda?

Nami nilikuwa mwalimu wa biolojia katika shule moja ya wasichana papa hapa kisiwani. Mamangu aliniita mwalimu wa vidudu. "Haya, mwalimu wa vidudu, leo mumesomeshana nini? Mumeviona? Vimewaamkia?" Alicheka mwenyewe mpaka akashika ubavu. Nilimwambia achemshe. Alisema maji yaliyochemshwa ni maji maiti, yana moshi, hayakati kiu. Basi mimi nikawa nachemsha sufuria yangu asubuhi kabla ya kutoka, na nikirudi naikuta imetiwa majani ya chai, wageni wamenywa, wametoa shukrani, wamekwenda zao.

Lakini msimcheke. Kulikuwa na mwaka kipindupindu kiliingia vichochoroni kwetu, na nyumba zilizotuzunguka zikawa zinatoa wagonjwa, mmoja leo, mwingine kesho. Kwetu hakuugua mtu. Wale waliokuja kuomba maji yetu ya mtungi, nao hawakuugua. Mimi nilijua sababu na niliwasomesha wanafunzi wangu darasani: kidudu cha kipindupindu hakistahimili uchachu, ndimu inakiua kweli. Nilimwambia mamangu hivyo. Loo! Ungemwona. Alijifunga leso kiunoni akapita mlango hata mlango. "Mwanangu amesoma na amesema ni kweli. Kata maji yako!" Tangu siku hiyo kichochoro kizima kilikata maji, na yeye akawa hasemezeki.

Sasa nimtaje mtoto, maana habari hii ni yake.

Mdogo wangu wa kike aliolewa, akaachwa, akabaki na binti mchanga. Akapata kazi ya nyumba Arabuni, kulea watoto wa watu, kama walivyokwenda wengi. Siku aliyoondoka mtoto alikuwa hajasimama. Alimtia mapajani mwa mamangu, akasema maneno mawili tu: "Mama, nitunzie." Mkataba wake ukaongezwa, halafu ukaongezwa tena, kwa sababu tajiri wake hakutaka kumwachia na sisi tulikuwa tukila kwa jasho lake. Kwa hiyo alimjua mwanawe kwa sauti. Kila Ijumaa baada ya swala alipiga simu kwa jirani yetu wa ghorofani, mjane mmoja ndiye aliyekuwa na simu, na sisi tunapanda ngazi watatu, mtoto ametiwa wanja na kanzu safi kana kwamba mamake atamwona. Mtoto alikamata mkono wa simu kwa mikono miwili akahadithia wiki nzima bila kuvuta pumzi. Paka amezaa, nyanya amemkanya, yeye ameng'oka jino. Mwisho aliuliza, "Unakuja lini?" Sikuwahi kusikia jibu, ila niliona uso wake ukiridhika, basi ndugu yangu lazima alikuwa akisema hivi karibuni.

Ikaja mvua ya elinino. Aliyekuwako Pwani hahitaji kuelezwa. Ilinyesha mpaka kuta zetu za mawe zikaota kuvu, makuti yakaoza, mashimo ya vyoo yakajaa yakafurika uani. Mji wa Kale vyoo na visima vinaishi pamoja, hatua chache tu baina yao, na ardhi yenyewe ni mawe yenye matundu. Niliangalia kisimani nikaona maji yamepanda karibu na ukingo, rangi ya chai ya maziwa. Nikasema, Mama, maji haya hayanyweki. Akasema nami naona, nitazidisha ndimu. Akazidisha. Kuni zimelowa, makaa yamelowa, jiko halishiki moto ila kwa kulipepea mpaka mkono ufe ganzi. Mimi nilichemsha nilichoweza na nikawasihi wanywe hicho. Mtoto alikuwa akipenda yale ya mtungi. Nyanyake alimtilia sukari kidogo, akanywa kwa kata anafumba macho kwa uchachu, akacheka, akataka tena.

Aliamka asubuhi na homa. Adhuhuri tumbo likaanza kumsokota. Alikwenda chooni, akarudi, akaenda, kila mara akijikamua na hatoi kitu ila utelezi wenye damu. Mamangu alitazama ule utelezi, akanitazama mimi. Halafu akaenda mtungini akamletea maji ya ndimu.

"Mama, usimpe hayo."

"Nimpe nini? Mtoto anakauka."

"Mpe haya yangu, nimechemsha, nimetia chumvi na sukari."

"Ya kwako hayataki. Mwangalie, anayatema. Haya anayanywa."

Na ni kweli alikuwa anayanywa. Hapo ningefanya nini? Mtoto mwenye kiu hushiba hoja gani? Nilimbeba nikampeleka zahanati mvua ikinyesha. Daktari, kijana mmoja mwenye macho mekundu ya usingizi, alinambia ni kuhara damu, kumejaa mji mzima, na akanipa dawa ya maji ile nyeupe kila mtu anayoijua. Tulimnywesha. Hakuna. Tulirudi, tukabadilishiwa, tukapewa nyingine ya nguvu zaidi. Hakuna. Daktari yule yule akanambia kwa sauti ya chini kwamba dawa zile zimezoeleka, vidudu vya sasa havizijali tena, na kwamba anaandika tu kwa sababu lazima aandike kitu. Nilimshukuru kwa ukweli wake na wakati huohuo nilitaka kumzaba kofi.

Mwisho tukampeleka hospitali, na huko watoto walilala wawili wawili kitandani. Wetu alilazwa na mtoto wa mama mmoja wa Kidigo aliyekuja kutoka ng'ambo ya feri, mwanamke mpole. Alikuwa akiwapepea wote wawili kwa kipande kile kile cha boksi. Mamangu alikaa sakafuni. Alikuwa amekuja na chupa yake ya maji ameificha ndani ya buibui, na muuguzi akigeuza mgongo tu anamnywesha mtoto. Nilimwona. Nikamwacha, maana kufikia hapo kilichokuwa kikifanya kazi hakikuwako, si changu, si chake, si cha daktari. Damu ilipungua, tukapumua, tukaambiana anapona. Kumbe mkojo umekatika. Akavimba uso, akavimba miguu, hata macho yakawa vijistari. Daktari mkubwa alikuja akasema figo zimeumia, sumu ya kidudu imezifika, na kwamba mashine ya kusafisha damu kwa mtoto wa umri ule haiko hapo. Nikauliza iko wapi. Akataja Nairobi kwa namna ambayo mtu hutaja mwezi.

Alikufa Jumatano baada ya adhuhuri. Alikuwa akiniita mimi mama tangu alfajiri na niliitika kila mara, Mungu anisamehe, niliitika. Alasiri tulikuwa tumeshamwosha, na kabla ya magharibi wanaume walikuwa wamerudi makaburini na tope hadi magotini. Hiyo ndiyo desturi yetu, maiti hakai. Haraka ile inasifiwa kuwa ni rehema. Mimi sikuiona rehema yoyote. Asubuhi una mtoto, jioni una leso yake.

Nitaeleza hapa lile nililokuja kulisoma baadaye, kwa sababu nikiliweka mwisho sitakuwa na moyo nalo.

Kidudu ni mfuko mdogo uliojaa protini, na kila protini imekunjwa namna yake. Ikikunjuka haifai tena. Tumbo la binadamu lina asidi kali, kali kuliko ndimu. Asidi ikikipata kidudu, protini zake zinakunjuka, zinashikana, zinagandana mabonge, kama maziwa yaliyokamuliwa ndimu. Hapo kimekufa. Kipindupindu hufa hivyo kwa urahisi, ndiyo maana hata tumbo lenyewe huua vingi, na ndiyo maana ndimu ya mamangu ilitulinda mwaka ule. Hapo alisema kweli. Lakini kidudu cha kuhara damu si hicho. Kina tando mbili, wa nje na wa ndani, na katikati yake, pale asidi inapopenya kwanza, kina protini ndogo ndogo za kusindikiza. Wataalamu wenyewe waliziita hivyo, kwa mfano wa mtu anayefuatana na mwari ili asiharibikiwe njiani. Katika maji yasiyo na uchachu zimekaa mbili mbili zimekumbatiana, hazina kazi. Ukija uchachu, zinaachana, zinalegea, zinapoteza umbo zenyewe, na kulegea huko ndiko kunakozipa kazi: zinazishika zile nyingine zinazokunjuka, zinazizuia zisigandane. Asidi ikishapita, kidudu kimefika utumboni, zinaziachia taratibu, moja baada ya moja, nazo zinajikunja upya. Kinaamka kizima. Kwa hiyo hakihitaji kuja na jeshi. Vichache tu vinatosha kumlaza mtu.

Na kuna zaidi. Kidudu kikikaa kwanza ndani ya uchachu mdogo, hupata habari mapema, hujiandaa, huziongeza hizo protini zake kabla ya kufika kwenye asidi kubwa. Niliposoma hapo niliifunga ile karatasi nikaenda kukaa kibarazani. Uchachu mdogo, usiku kucha, umefunikwa kwa sahani. Siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa mtungini mwetu. Hakuna aliyepima na hakuna atakayepima. Huenda ndimu zile hazikufanya lolote, baya wala zuri, na mtoto angekufa vilevile kwa maji yale. Nimejaribu kujituliza kwa wazo hilo na halitulizi, kwa sababu angekufa vilevile.

Wakati ule sikujua lolote kati ya haya. Nilijua tu kwamba tumemzika na mamake hajui. Tulimpigia dalali aliyempeleka kazini; hakushika. Nambari ya tajiri hatukuwa nayo, maana tajiri hakutaka kusumbuliwa. Jambo pekee tulilokuwa nalo ni Ijumaa. Tukaingoja.

Matangani wanawake walijaa ukumbini wakikaa mikekani. Mvua bado. Watu wakasikia kiu, na bila ya kuambiwa na mtu, wanawake wa kichochoro waliinuka, wakateka kisimani, wakakamua ndimu ndani ya ndoo, na kata ikazunguka. Nilisimama mlangoni nikaona kata ikipita mikono kwa mikono, kinywa kwa kinywa, na mabibi wanasema ah, yana baridi, Mungu awalipe. Nikasema kwa sauti, "Msinywe." Wakanitazama kwa huruma. Mmoja akanishika bega akanikalisha chini, akaniletea na mimi. Walidhani ni huzuni. Nilipiga kelele, nikaimwaga ile kata mkekani, na wakazidi kunihurumia, wakanisomea, wakanipaka marashi. Wiki iliyofuata watatu kati yao waliugua na mmoja alifuata njia ile ile. Kichochoro kiliendelea kukata maji. Wangeacha vipi? Ndilo jambo pekee walilokuwa nalo lililowahi kufanya kazi.

Mamangu hakulia. Kila mtu alimwambia mtoto ni ndege wa peponi, atamngoja mlangoni, naye akaitikia inshallah, inshallah, kama mtu anayejibu bei. Kisima akakifunika kwa bati akaweka jiwe. Wakaja kuomba maji, akawafunulia, wakateka, akafunika tena. Hakumpangia mtu zamu.

Ijumaa tulipanda ngazi wawili. Mjane alikuwa ameshatoka ukumbini kwake kwa heshima, ametuachia simu juu ya meza na viti viwili. Tulikubaliana nitasema mimi. Nilikuwa nimepanga maneno, nimeyarudia tangu alfajiri, ya kumwandaa kwanza, ya kumtajia Mungu, ya kumfikisha pole pole. Simu ilipolia, mamangu aliiwahi.

Alimwitikia salamu. Akamwuliza hali, akamwuliza joto la huko, akamwuliza kama siku hizi wanamwacha alale mchana. Nilimkodolea macho. Nikasikia sauti ya mdogo wangu ikitoka ndani ya kile chombo, nyembamba, ina furaha: "Nipeni mwanangu, basi, wakati unakwisha!"

"Amelala," mamangu akasema.

"Saa hizi? Mwamsheni."

"Amelala, mwanangu."

Nilimnyang'anya simu. Maneno yangu yote yalikuwa yamenitoka, nikasema yaliyobaki. Nikasema mtoto ametutoka, Jumatano, amezikwa. Sitaandika nilichokisikia. Kilichukua muda, na mimi nilishikilia ile simu mbali na sikio, kisha nikaona haya nikairudisha. Alipoweza kusema alisema kwa sauti kavu, ya mtu anayeuliza njia.

"Alikuwa na nini?"

"Kuhara damu. Mvua imeharibu visima."

"Mlimpa maji gani?"

Nilitaka kumwambia nilichemsha. Nilitaka kumwambia mji mzima umeugua, kwamba dawa hazifanyi kazi, kwamba daktari amesema. Mamangu aliyasikia yale maswali kutoka pale alipoketi. Alinyoosha mkono, na sijui kwa nini, nikampa.

"Maji yetu," akasema. "Yale niliyokulea nayo wewe."

Tulisikia pumzi yake tu, halafu, mbali, ndani ya ile nyumba tusiyoijua, mtoto wa tajiri akimwita mara ya kwanza, na mara ya pili kwa ukali, na mdogo wangu akamwitikia kwamba anakuja.